Mchunga ng'ombe wangu ameomba pesa ya "dawa" ya simba: nitume?

SWALI: Naishi Kimara, Dar es Salaam. Nina ng'ombe 60 na mbuzi kama 20 upande wa Kisaki, Morogoro Vijijini, chini ya kijana mmoja na familia yake. Ndani ya wiki mbili nimepoteza ng'ombe watatu. Kijana anasema ni simba kutoka hifadhini na ameomba nimtumie hela anunue dawa ya kuweka kwenye mzoga, "shughuli iishe". Nasikia simba na mbwa mwitu wanazidi kupungua, na sipendi kuwaua. Lakini hao ng'ombe ndio ada za wanangu. Nifanyeje? Na sisi tunaokaa mjini tuna mchango gani hasa katika jambo hili?

JIBU: Usitume. Sababu zinakuja, ila kwanza mpigie kijana wako leo kabla jua halijazama. Mnyama aliyepata ng'ombe kirahisi mahali fulani ana kawaida ya kurudi, kwa hiyo usiku wa leo una haraka kuliko mipango ya mwezi ujao.

Mwambie mifugo yote iwe ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, ikihesabiwa mlangoni mmoja mmoja. Akikosekana ng'ombe, asifuatwe gizani vichakani. Atafutwe asubuhi na watu wazima wawili au watatu. Mbuzi na ndama walale katikati ya boma au ndani ya nyumba. Kila penye upenyo paongezwe miiba mibichi, shina la tawi likitazama ndani na miiba ikitazama nje. Awe na tochi kali, na mtu wa zamu wa kuzunguka boma kila baada ya muda, hasa tangu magharibi hadi saa nne na tena alfajiri. Watoto wasitoke kwenda chooni peke yao.

Mzoga ushughulikiwe mchana, ukishakaguliwa na kupigwa picha kama nitakavyoeleza chini. Ukiwa karibu na boma, uchomwe, au uzikwe angalau mita mbili chini, kwa sababu fisi hufukua kaburi fupi usiku uleule. Ukiwa mbali malishoni, uachwe ulivyo bila kutiwa chochote, na mifugo ipelekwe upande mwingine kwa siku kadhaa. Aliyeua atamaliza chakula chake na tai watasafisha kilichobaki.

Jambo la pili ni kujua kama kweli ni simba. Wafugaji wengi huruka hatua hii. Fisi huua mifugo mingi sana usiku, hasa mbuzi, kondoo na ndama, na simba hubebeshwa kesi kwa kuwa jina lake ni kubwa. Kinga hutofautiana kulingana na mnyama, kwa hiyo ukikosea mshitakiwa utatumia fedha mahali pasipohusika.

Simba hukaba koo au hufunga mdomo na pua ya ng'ombe mpaka akose pumzi. Utaona matundu ya meno kooni na mikwaruzo mirefu ya kucha mabegani na mgongoni. Wayo wake unakaribia upana wa kiganja cha mtu mzima na hauonyeshi kucha. Chui naye hukaba koo, ila kwa kawaida huchukua mbuzi au ndama, humburuta mbali na mara nyingi humpandisha mtini. Nyayo zake ni kama za simba lakini ndogo zaidi. Fisi hana ustaarabu wa koo. Huanzia nyuma, miguuni, kwenye kiwele na tumboni, huvunja mifupa mikubwa, na nyayo zake huonyesha kucha. Kinyesi chake hukauka kikawa cheupe kwa sababu ya mifupa anayokula. Mbwa mwitu huwinda mchana, asubuhi na jioni, kwa kundi. Ukikuta nyayo nyingi ndogo zenye kucha na mnyama kapasuliwa tumbo na kuliwa kwa dakika chache, ni wao. Duma ana kucha zinazoonekana kwenye wayo ingawa ni wa jamii ya paka. Hana nguvu za kumwangusha ng'ombe mzima, hivyo akitajwa kwenye kesi ya ng'ombe mkubwa, mfutie mashitaka.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Chuneni ngozi ya shingo palipo na matundu ya meno. Mkikuta damu imevilia chini ya ngozi, mnyama aling'atwa akiwa hai. Nyama ikiwa safi bila vilio la damu, alikufa kwa jambo jingine na wala mizoga wakamkuta amelala. Maeneo yaliyopakana na hifadhi yana mbung'o, na nagana, ugonjwa unaoenezwa nao, huua ng'ombe wengi kimyakimya. Ndigana, ugonjwa wa kupe, nayo ipo. Tahadhari moja hapa ni ya lazima: mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au njia ya haja kubwa asipasuliwe na mtu yeyote. Huenda ni kimeta, nacho huua binadamu. Aitwe ofisa mifugo.

Picha zipigwe zote: majeraha, nyayo zikiwa na kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa, na eneo lenyewe. Zitatumika tena kwenye madai.

Sasa hiyo "dawa". Kinachowekwa kwenye mizoga kwa kawaida ni viuatilifu vya shambani, na kasoro yake ya kwanza ni kwamba havichagui. Wa kwanza kuuona mzoga ni tai, kwa kuwa wanatazama kutoka angani, na hushuka kwa makumi. Kisha bweha, fisi, mbwa wa jirani, na mtu maskini anayekata kipande cha nyama ya bure. Simba aliyekula ng'ombe wako anaweza asiwepo kabisa kwenye orodha ya maiti. Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, walikutwa simba 6 na tai 74 wamekufa kwa sumu. Aprili mwaka huohuo, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, walikufa simba 11 kwa mpigo, na 8 kati yao walikuwa watoto. Watoto hao hawakuwa wameua ng'ombe wa mtu.

Kasoro ya pili wafugaji wengi hawaifahamu. Simba dume mwenye eneo lake huwazuia madume wengine. Ukimwondoa, nafasi yake haibaki wazi. Huingia madume wageni, huua watoto wa waliotangulia, na majike hukosa utulivu. Simba vijana wanaofukuzwa kwenye makundi yao ndio wanaotangatanga vijijini, hawajui eneo, wana njaa, na ng'ombe kwao ni windo rahisi. Kwa hiyo unaweza kuua simba watano leo na ukaliwa ng'ombe zaidi baada ya miezi michache.

Ya tatu ni sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kutumia sumu, nyaya za mitego na mashimo ni njia haramu hata pale ambapo mnyama amekudhuru. Aliyetoa fedha akijua kazi yake hawezi kujitenga na kosa, na muamala wa simu una jina lako, tarehe na saa. Sheria inatambua kulinda maisha na mali dhidi ya mnyama anayeshambulia wakati huo, lakini tukio hilo linaripotiwa, na ngozi, meno, kucha na mafuta yake hubaki kuwa nyara za serikali. Mtu akikutwa na kucha mbili mfukoni, habari ya "nilikuwa najilinda" huwa ngumu kusadikika.

Hela uliyokuwa utume kwa ajili ya sumu, na nyingine juu yake, iende kwenye boma. Kwanza ielewe mbinu ya simba, maana watu wengi hujenga ukuta wa kumzuia asiruke, halafu wanashangaa. Mara nyingi simba haingii bomani kabisa. Huzunguka upande unakotoka upepo ili harufu yake iingie, pengine hunguruma au kukojoa pembeni. Ng'ombe hupagawa, hurundikana upande mmoja, ukuta wa miiba unapasuka nao wanatoka gizani wenyewe. Hapo ndipo huuawa wanne kwa usiku mmoja. Boma zuri, basi, kazi yake ya kwanza ni kuwazuia ng'ombe wasitoke. Kumzuia simba asiingie ni kazi ya pili. Kazi ya tatu ni kuwafanya wasionane.

Kwa ng'ombe 60, piga hesabu ya mita tatu za mraba kwa kila mmoja. Zinakuwa 180. Boma la duara lenye kipenyo cha mita 15 na robo linatosha, na mzunguko wake ni kama mita 48. Lifanyeni duara, kwa kuwa kwenye pembe ng'ombe hukandamizana hadi kuua ndama au kuvunja ukuta. Nguzo zikae kila mita mbili, yaani 24 hivi, pamoja na nne nene za milango miwili. Kila nguzo iwe na urefu wa mita 2.5 au zaidi, sentimita 60 zikiwa ardhini. Chagueni miti inayochipua ikichomekwa tawi bichi tu, na ichomekwe mwanzoni mwa mvua. Nguzo hai hailiwi na mchwa, haiozi, na kila mwaka inanenepa. Wafugaji wa Umasaini wamekuwa wakijenga hivi kaskazini, miti hai ikibeba wavu wa senyenge, na maboma hayo yamepunguza mno mashambulizi ya usiku.

Wavu uwe wa futi sita kwenda juu, waya wa milimita 2.5 au mnene zaidi. Ule mwembamba wa kufugia kuku ni kupoteza hela. Ufungwe upande wa ndani wa nguzo. Fundi wa mjini atataka kuufunga nje kwa sababu unapendeza, lakini ng'ombe 60 wakiusukuma kutoka ndani, misumari na nyaya za kufungia zitang'oka. Ukiwa ndani, kadiri wanavyosukuma ndivyo unavyobanwa kwenye nguzo. Chini, kwa nje, tandazeni ukanda wa wavu wa sentimita 50 ukilala juu ya ardhi, ushikwe na vigingi na mawe: fisi huanza kuchimba ukutani hasa, akikuta wavu chini ya kucha zake huacha. Nje ya yote, rundikeni miiba hadi usawa wa kifua. Hiyo ndiyo pazia.

Mlango ndio unaoliza watu. Boma la senyenge lenye mlango wa tawi la mgunga ni sawa na nyumba ya tofali yenye mlango wa kanga. Mlango uwe na fremu ya mbao nzito, wavu uleule, bawaba tatu, na chini isibaki nafasi ya kupitisha ngumi. Ufungwe kwa mnyororo, maana kamba ya katani hutafunwa.

Mbuzi wawekewe zizi lao ndani ya boma, lenye paa la wavu au fito zilizosukwa. Chui akiingia zizi lisilo na paa haui mmoja, huua hata kumi kwa vurugu tu.

Taa za kumwekamweka zinazotumia jua zinasaidia. Wazo hilo lilipata umaarufu kupitia Richard Turere, mtoto wa Kimasai aliyekuwa akichunga kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi nchini Kenya, ambaye aliunganisha balbu za tochi na betri ya gari ili zionekane kama mtu anatembea na mwanga. Zifungwe kila mita kumi, urefu wa kifua, zikitazama nje. Lakini simba hujifunza. Taa ileile mahali palepale kwa miezi mingi huwa kama nyota kwake, kwa hiyo zihamishwe kila baada ya wiki mbili, na zisiwe mbadala wa ukuta.

Mchana una kanuni zake. Mifugo inayochungwa na mtoto wa miaka tisa ina hatari kubwa kuliko inayochungwa na watu wazima wawili, na mashambulizi mengi ya machungani hutokea kwenye vichaka vizito vya kando ya mto au pale mchungaji aliposinzia. Ng'ombe waliolala nje kwa kupotea ndio kitoweo cha kwanza, kwa hiyo kuhesabu asubuhi na jioni kuna faida kuliko kifaa chochote. Wakati wa mvua, wanyama wa porini hutawanyika na nyasi huwa ndefu. Muongeze mtu wa pili hata kama ni kwa miezi mitatu tu. Kuna jaribio moja la Botswana, kando ya bonde la Okavango, linalochekesha lakini ni la kweli: walichora macho mawili makubwa kwenye matako ya ng'ombe. Kwa miaka minne, hakuna hata mmoja kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho aliyeuawa na mnyama wa kuvizia, ilhali kati ya 835 wasiochorwa chochote waliuawa 15. Simba na chui huvizia. Wakihisi wameonwa, huacha. Rangi hufutika na hurudiwa mara kwa mara. Sijui kijana wako atasemaje akiambiwa achore macho, lakini kopo la rangi ni rahisi kuliko ng'ombe.

Mbwa wa bomani ni kengele nzuri, ila wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, tangu wakiwa na miezi mitatu. Hili ni la hifadhi kama lilivyo la familia yako. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa virusi uitwao kwa Kiingereza canine distemper, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Mbwa mwitu, ambao sasa wamebaki kama 6,600 tu duniani kote, wanaweza kupoteza kundi zima kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa mmoja wa kijijini. Eneo la Selous na Nyerere, yaani jirani yako, ni miongoni mwa ngome kubwa kabisa walizobakiwa nazo.

Usalama wa watu unahitaji aya yake. Kati ya 1990 na 2004, simba waliua zaidi ya watu 560 nchini, wengi wao mikoa ya kusini na pwani, Rufiji ikiwemo. Uchunguzi ulionyesha kwamba matukio mengi yalitokea msimu wa mavuno, kwa watu waliolala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe, na hapo katikati kuna mtu chini ya kibanda cha makuti. Jambo jingine lililogunduliwa ni kuhusu mwezi. Hatari huwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza, saa za kwanza za usiku huwa giza totoro, na simba ametoka kwenye usiku wa mbalamwezi ambao uwindaji wake ulikuwa mgumu. Mwambie kijana wako aihesabu siku hiyo, na kwa siku kumi baada yake familia iwe ndani mapema. Anayelinda shamba alale kwenye dungu la juu lenye kuta na mlango. Na yeyote akikutana na simba uso kwa uso asikimbie wala kumpa mgongo: asimame, apaze sauti, ainue mikono au fimbo, arudi nyuma polepole. Simba aliyejeruhiwa asifuatwe kichakani na raia kwa hali yoyote.

Kuhusu fidia, serikali ina kifuta jasho kwa mifugo na mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kufariki. Usiitegemee kulipia ng'ombe: kiasi chake ni kidogo sana ukilinganisha na bei ya mnada wa Pugu, na malipo huchelewa. Hata hivyo dai, kwa sababu tukio lisiloandikwa halimleti askari. Siku hiyohiyo ripoti ifike kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya, na eneo la tukio liachwe mpaka likaguliwe. Picha zako ndizo ushahidi. Kumbuka kwamba ng'ombe aliyeuawa akichungwa ndani ya hifadhi hana kifuta jasho. Badala yake wewe ndiwe utakayeshitakiwa. Muulize kijana wako kwa upole, lakini muulize: hao watatu waliuawa wapi hasa? Jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu.

Akikuta nyaya za mitego machungani, asizipite na asizibebe nyumbani, kwa maana akikutwa nazo atahesabiwa ndiye mtegaji. Apige picha, aweke alama, awaite askari wa wanyamapori wa kijiji. Nyaya hizi, zinazotolewa kwenye matairi yaliyochomwa au nyaya za umeme, hutegwa kwa ajili ya swala na nyati. Lakini simba, fisi na mbwa mwitu hutumia njia zilezile. Simba hukata waya na kuondoka nao shingoni, ukazama nyama kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Simba wa namna hiyo hawezi tena kumkimbiza nyati. Huyo ndiye anayekuja kwa ng'ombe wako.

Hapo tunafika mjini, kwenye sehemu ya mwisho ya swali lako.

Ile nyama iliyokaushwa inayouzwa kimyakimya kwenye magari na vijiweni inatoka kwenye waya huohuo. Tangu kanuni za mwaka 2020 kuna bucha halali za nyamapori, zenye leseni; ukitaka kuonja, nenda huko na udai risiti. Vivyo hivyo kucha, meno na "mafuta ya simba" yanayotembezwa kama dawa. Mengi ni ya bandia, kwa bahati nzuri, na machache yaliyo ya kweli yana mzoga nyuma yake.

Mkaa ni mzito zaidi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Dar es Salaam peke yake hutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Tanuri la udongo la kawaida linahitaji kilo tano hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Miti inayochomwa ni miyombo na mitondoro ya Pwani na Morogoro, msitu uleule unaounganisha hifadhi za Nyerere, Mikumi na Wami-Mbiki. Mchoma mkaa hufungua njia ya pikipiki, njia huleta shamba, shamba huleta nguruwe pori, swala huondoka. Kundi moja la mbwa mwitu linaweza kuhitaji kilomita za mraba mia kadhaa za kuzungukia. Ukikata shoroba, yaani mapito ya wanyama, katikati, linabaki kisiwani likizaliana lenyewe kwa lenyewe, au linapita vijijini. Mwisho wa Januari 2024 serikali ilizuia kuni na mkaa kwenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100. Shule ya wanao inapikia nini? Mzazi ana haki ya kuuliza kwenye kikao.

Kisha ardhi. Watu wengi wa Dar hununua ekari hamsini kule kwa mkono wa mwenyekiti mmoja na mashahidi wawili. Ardhi ya kijiji haigawiwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kabla ya kulipa, nenda ofisi ya kijiji uombe kuona ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi: eneo hilo ni la kilimo, malisho, shoroba, au ni la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori? Ukinunua shoroba utapigana na tembo na simba kila mwaka, na siku moja serikali itakuja na jembe lake. Idadi ya ng'ombe nayo ni ya kujadiliwa kijijini. Mifugo mingi ya maeneo hayo ni ya wenyewe wanaoishi mjini, na kijana anayelaumiwa kwa kuvuka mpaka amevuka kwa sababu tajiri ameongeza ishirini bila kuongeza malisho.

Na ukiwa unaelekea Iringa, ule ukomo wa mwendo uliowekwa ndani ya Mikumi una maana, hasa alfajiri na magharibi, ambapo mbwa mwitu wako barabarani.

Kwa kijana wako, basi, tuma ujumbe mfupi: hela ya dawa haipo, hela ya senyenge ipo. Mwombe apime mzunguko wa boma la sasa kwa kamba yenye fundo kila mita, ahesabu nguzo zilizo hai, na akutumie picha ya mlango. Anza kununua kulingana na huo mlango.